Mama Mfumo Hakutaka Kuajiriwa

Siku ya kwanza alipokuja dukani kwetu hakubeba kompyuta. Alikuja na mwavuli, chupa ya chai na miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba, akaomba kigoda. Nilikuwa nimemtarajia mtu mwenye begi mgongoni, atakayeketi kwenye kona yenye umeme na kuandika mambo nisiyoyaelewa. Badala yake alikuja mama wa makamo, mnene kiasi, akakaa katikati ya mifuko ya pumba na mawe ya chumvi ya ng'ombe, akajimiminia chai na kuanza kutazama wateja wanavyoingia.

"Shikamoo mama," nilimwambia. "Tuanze na nini?"

"Marahaba, Baba Upendo. Wewe endelea kuuza. Mimi nimeshaanza."

Jina lake kamili nililiona mara moja tu, chini ya mkataba. Kilosa nzima inamwita Mama Mfumo, kwa sababu anatengeneza mifumo ya kompyuta ya kutunza kumbukumbu za biashara. Anaifanya kazi hiyo peke yake, bila kampuni wala bosi: leo yuko kwa muuza mabati, mwezi ujao kwenye zahanati, baadaye kwa kikundi cha akina mama wanaokamua alizeti. Namjua kwa miaka mingi sasa, na sijawahi kumwita kwa jina jingine.

Sisi tunauza dawa za mifugo. Duka kubwa liko Kilosa mjini, dogo liko Mikumi kando ya barabara kuu. Kabla hajaja, kumbukumbu zetu zote zilikaa kichwani mwa mke wangu. Ndiye aliyejua mfugaji gani amechukua dawa ya minyoo na anatakiwa arudie lini, chanjo ipi inakaribia kuharibika, nani amebadilisha namba ya simu. Alikwenda na kurudi kati ya maduka mawili, na kila alipokuwa, duka la pili lilimpigia simu. Kisha akaugua, akapelekwa Morogoro kufanyiwa upasuaji, nami nikagundua kwamba duka langu nalo limelazwa pamoja naye. Mteja akiuliza, "Ile dawa mliyonipa mara ya mwisho ilikuwa ipi?" nabaki namtolea macho. Mke wangu aliporudi nyumbani, hata kabla hajaweza kuinama vizuri, alisema, "Tutafute mtu atutengenezee mfumo. Mimi si kabati."

Wa kwanza tuliyempata alikuwa kijana wa Dar es Salaam, tuliyeongea naye kwa simu. Alikuwa mchangamfu, na kila nilichokitaja alisema, "Hiyo simpo, bosi." Kabla hajauliza tunauza nini, alikuwa ameshatutumia picha za rangi za mfumo wetu. Wa pili alikuwa mtoto wa rafiki yangu, na ule urafiki ndio ulionitia hofu. Mama Mfumo alikuwa wa tatu, nasi tulielekezwa kwake na yule muuza mabati. Yeye hakutuonyesha picha yoyote. Kwenye simu aliomba kuongea na mke wangu, si mimi, akamuuliza, "Ulipokuwa umelala hospitali, ni jambo gani la dukani lililokunyima usingizi?"

"Chanjo zilizoko kwenye friji. Nilijua zinakaribia mwisho wake, na hakuna mwingine aliyejua."

"Basi tutaanzia kwenye friji," alisema Mama Mfumo. Jioni ile mke wangu akaniambia nisitafute mtu mwingine.

Pale kwenye kigoda alikaa siku kadhaa. Mimi nilianza kunung'unika. Nilimwambia mke wangu kwamba tumempa kazi mtu wa kutazama watu. "Mwache," alinijibu, "hata daktari hupapasa tumbo kabla ya kupasua." Mama Mfumo alikuwa anahesabu mambo ambayo sikujua yanahesabika: wateja wanaorudi mlangoni kwa sababu wamesahau kuuliza, dawa zinazotajwa kwa rangi ya chupa badala ya jina, wazee wanaoagiza kitu kwa kukionyesha kwa kidole. Aliongea na wateja kuliko mimi. Wafugaji waliotoka Kanda ya Ziwa, ambao wengi wao walizoea kununua na kuondoka kimya, walianza kukaa naye na kumweleza habari za ndama wao.

Alikuwa na maneno yake, ambayo mpaka leo tunayatumia dukani bila kukumbuka tuliyatoa wapi. "Kompyuta haina aibu, ukiidanganya itautunza uongo wako vizuri sana." Kuhusu jina la kazi yake alisema, "Kwenye vitabu inaitwa kanzidata. Wewe iite kumbukumbu, hutakosea." Na kila mtu alipousifia mfumo wake alijibu, "Mfumo mzuri ni ule ambao mnausahau."

Mkataba wake ulikuwa ukurasa mmoja. Alinitaka niusome kwa sauti mbele ya mke wangu, na nilipofika kwenye kifungu kilichosema kumbukumbu zote ni mali ya duka, na kwamba siku tukitaka kumpa kazi fundi mwingine yeye atamkabidhi kila kitu, niliinua macho.

"Unatufundisha namna ya kukuacha?"

"Ndiyo. Mtu asiyejua namna ya kuniacha atanichukia siku moja."

Usifikiri alikuwa mpole. Tuligombana naye, na kwa sauti. Ugomvi mkubwa ulihusu kufuta. Nilitaka mfumo uniruhusu kufuta mauzo yaliyoandikwa vibaya, maana muuzaji anaweza kubonyeza dawa ya kuku badala ya dawa ya mbuzi. Akakataa katakata.

"Hakuna kufuta. Ukikosea, unaandika chini yake kwamba ulikosea, unaandika na lililo sahihi."

"Mama, hili duka ni langu."

"Duka ni lako, baba. Yaliyotokea si yako. Yameshatokea."

Nilipandisha sauti, yeye akapandisha ya kwake, wateja wakatoka nje kutupisha. Mwishowe akafunga chupa yake ya chai, akachukua mwavuli, akasema kama nataka mfumo wa kufuta, yule kijana wa Dar es Salaam atanitengenezea bila tabu. Nilimwacha afike barabarani. Mke wangu ndiye aliyemfuata, na sijui walizungumza nini pale kwenye kivuli cha jengo la jirani, lakini walirudi wakicheka, na hatukuzungumzia kufuta tena. Sasa namwona kila siku muuzaji wetu akiandika, "Nilikosea, ilikuwa dawa ya mbuzi," na hakuna aliyekufa kwa aibu.

Alikataa pia kuweka idadi ya ng'ombe wa kila mfugaji. Mimi niliona ni jambo la maana. Akaniuliza, "Unaitaka ya nini? Ukiuza dawa, unauza chupa." Nikajifanya kupanga chupa rafuni. "Usilolihitaji usilitunze," akasema. "Watu wa hapa wamegombania maji na malisho vya kutosha. Usije ukawa na kitu dukani ambacho mtu mbaya atakuja kukuomba." Baadaye alikuja kweli dalali mmoja, anatabasamu, akitaka kujua nani ana ng'ombe wengi upande wa Zombo. Nilimwambia hatuna habari hiyo, na ilikuwa raha kusema jambo hilo likiwa kweli.

Lakini mtu huyu aliyepanga kumbukumbu za nusu ya mji alishindwa kupanga mambo yake mwenyewe. Anaishi kwenye moja ya nyumba za zamani za reli, na ndani humo hakuna kitu kinachokaa mahali pake. Nimewahi kumkuta akitafuta funguo zilizokuwa kwenye kopo la sukari. Simu yake haina chaji wakati wa maana. Akisema atafika saa tatu, andaa chakula cha mchana. Mke wangu alimuuliza siku moja kwa nini hajitengenezei mfumo wake, naye akajibu, "Ningejitengenezea, lakini mteja mwenyewe hajui anachotaka."

Alikuwa jasiri mbele ya watu wenye fedha na vyeo, akawa mwoga mbele ya nyani. Siku aliyokwenda Mikumi kufunga mfumo kwenye duka dogo, nyani mmoja alishuka toka kwenye paa, akaingia mlangoni kama mteja, akachukua mkate wake mezani na kutoka bila haraka. Mama Mfumo alijifungia stoo. Mke wangu anasema alimbembeleza kwa muda mrefu, na sauti ilitoka ndani ikiuliza, "Amekwenda upande gani? Niambie upande, usiniambie amekwenda tu." Hata katika hofu alitaka taarifa kamili.

Kanisani aliimba sauti ya pili, kwa nguvu na nje ya wimbo, na hakuna mwalimu wa kwaya aliyethubutu kumwambia. Msibani ndiye aliyeulizwa kiasi cha mchele, uwe msiba wa Wakristo au wa Waislamu. Mafuriko yaliyowahi kuupiga mji yakitajwa aligeuza mazungumzo. Kwa wote aliowafanyia kazi alisisitiza nakala ya kumbukumbu ikae pia mbali na mto, na ndiyo maana kila kinachoandikwa Kilosa kipo na Mikumi, na cha Mikumi kipo Kilosa. Mtandao ukikatika, kila duka huendelea na kazi yake, kisha ukirudi yanaambiana.

Kuna siku moja iliyonifanya nielewe nilichokuwa nimekinunua. Msambazaji wetu alipiga simu asubuhi. Alisema chupa za dawa ya kuogeshea ng'ombe zilizokuja na mzigo wa mwisho zimebandikwa lebo zisizo zake. Dawa iliyomo ni kali kuliko maelezo. Mfugaji akiichanganya kwa kufuata lebo, ndama hawatapona, na yeye mwenyewe anaweza kudhurika.

Chupa hizo tulikuwa tumeziuza katika maduka yote mawili. Nilifungua mfumo, nikahangaika, mke wangu akaelekeza kwa simu toka Mikumi, hatimaye majina yakatokea. Hapo ndipo nilipoona faida ya kitu nilichokuwa nimekibeza. Wakati wa kutengeneza, Mama Mfumo alikuwa ameweka sehemu iliyoandikwa "Anavyojulikana", nami nikamwambia huo ni umbea, jina linatosha. Sasa mbele yangu walikuwapo akina Masanja kadhaa, na bila sehemu hiyo ningekuwa nimepotea. Mmoja aliandikwa, "Masanja mrefu, Zombo, baada ya daraja la miti, simu ni ya shemeji yake." Mwingine, "Masanja wa pikipiki nyekundu, Mvumi."

Tuligawana. Mke wangu aliwapigia wa kwake, mimi wa kwangu. Wengine walikuwa hawajafungua chupa, wengine walikuwa wamepanga kuogesha kesho yake. Masanja mrefu pekee hakupatikana. Shemeji yake alisema yeye mwenyewe yuko safarini na simu hiyo, na kwamba mzee alipanga kuogesha asubuhi hiyo hiyo, kabla jua halijawa kali.

Nilichukua bodaboda. Njia ya Zombo unaijua mwenyewe kama umewahi kuipita na roho juu: kila dimbwi linakuwa mto. Tulipovuka daraja la miti nikaona boma, nikaruka kabla pikipiki haijasimama. Mzee alikuwa uani, amevaa pampu ya kunyunyizia mgongoni, na ndama wamesongamana nyuma ya miti ya zizi.

"Shikamoo mzee! Umeshaanza kuogesha?"

"Marahaba. Bado. Ndiyo nimemaliza kuchanganya. Kuna nini?"

"Imwage, mzee. Hiyo dawa ni mbaya."

Alinitazama, akaitazama pampu. "Niliinunua kwako."

"Ndiyo, uliinunua kwangu. Imebandikwa lebo ya uongo huko ilikotoka. Itaua ndama."

Alishusha pampu taratibu, akamwita mkewe kwa Kisukuma, wakachimba shimo mbali na kisima na kuimwaga humo. Alipomaliza kunawa mikono alikuja kukaa karibu yangu, maana mimi nilikuwa nimeshakaa chini.

"Nani alikwambia mimi niko huku?"

"Mfumo, mzee."

"Huyo Mfumo," akauliza, "ni mtoto wa nani?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na sehemu ya machozi hayo haikuwa ya kicheko.

Jioni ile nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Mfumo. Nilitaka kumshukuru, na nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni na kanga mabegani, na swali la mzee lilimchekesha kweli. Kisha akaacha kucheka.

"Orodha ya majina uliipata baada ya muda gani?"

"Si muda mrefu. Nilihangaika kidogo, kama nusu saa hivi."

"Nusu saa," alirudia. Nikaona uso wake umebadilika, kama mtu aliyeambiwa mwanawe ametukana wageni. "Ndama anakufa ndani ya nusu saa, Baba Upendo."

"Lakini hakufa, mama."

"Hakufa kwa sababu mzee alichelewa kuchanganya. Hiyo si kazi yangu, hiyo ni bahati yenu."

Kesho yake alikuja, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho alifika mapema. Hakuna aliyemwita. Alipoondoka, palikuwa na kitufe kimoja kipya: unaandika namba ya mzigo, majina na simu za wote waliouchukua zinatokea papo hapo. Nilipomuuliza tumlipe nini, alinikata jicho, nikarudisha pochi mfukoni.

Biashara ilikua baada ya hapo. Nikaanza kufikiri kwamba mtu kama huyu hafai kuachwa azunguke. Nilimwendea na pendekezo nililoliona la kifalme: aajiriwe kwetu moja kwa moja, mshahara kila mwezi, ofisi yake, bima ya afya. Alikuwa anachambua mchicha. Aliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza.

"Ahsante, mwanangu. Hapana."

"Kwa nini, mama? Umri unakwenda."

"Ndiyo maana. Ukiniajiri utaanza kuniuliza nimefika saa ngapi. Sasa hivi unaniuliza nimefanya nini. Hilo la pili naliweza, la kwanza unajua mwenyewe." Akatupa bua la mchicha. "Halafu, duka lako nimeshalielewa. Mimi nikikielewa kitu naanza kulala."

Mara ya mwisho niliyokaa naye kwa muda ilikuwa mwaka huu, baada ya mavuno ya mpunga. Nilikuwa naelekea Magole kwa shughuli zangu, akanipigia akiomba lifti. Huko njiani kulikuwa na kijana mwenye mashine ya kukoboa mpunga, mwenye ghala lililojaa magunia ya wakulima wengi, aliyetaka mfumo wa kumwonyesha gunia lipi ni la nani. Nilimkuta Mama Mfumo amesimama nje ya nyumba yake, tayari, amevaa kitenge kilichopigwa pasi. Nilishangaa. Njiani alifuta miwani, akaivaa, akaivua, akaifuta tena.

"Mama, una wasiwasi?"

"Kila mara. Ulifikiri kwako sikuwa nao?"

"Ulikuwa unakunywa chai!"

"Mikono ilihitaji kazi," alisema.

Kijana wa mashine alitupokea bila kutoka kitini. Alikuwa na simu mbili mkononi. Alimwamkia mama vizuri, shikamoo yake haikuwa na kasoro, lakini macho yalimpita yakatafuta nyuma yake, kana kwamba fundi mwenyewe bado hajashuka garini. Kisha akatuomba tusubiri nje kidogo. Tulikaa kwenye benchi, makapi ya mpunga yanatutua nguoni. Kidogo hicho kikarefuka. Nilimsikia ndani akimwambia mtu kwenye simu, "Wameniletea bibi mmoja hapa."

Nilisimama niingie, nimweleze kijana yule habari za Zombo, za dawa, za ndama, ajue ni nani anayemkalisha kwenye makapi. Mama Mfumo akanishika mkono.

"Kaa."

"Mama, hajui wewe ni nani."

"Atajuaje? Kazi niliyokufanyia wewe ni yako. Ya kwake sijaifanya bado." Alipangusa makapi kwenye kitenge. "Na wewe nenda Magole yako. Nitarudi na basi."

Akaitwa. Alinyanyuka kwa kushikilia goti, akaingia, nami nikaenda kwenye gari. Niliwasha injini. Dirisha la ofisi lilikuwa wazi na niliwaona wote wawili: kijana ameegemea nyuma, amekunja mikono kifuani, Mama Mfumo amekaa wima, mikono mapajani. Sikusikia alichosema. Nilimwona akiuliza kitu kifupi, kisha akasubiri. Kijana akatazama upande wa ghala. Simu yake moja iliita, akaigeuza kifudifudi juu ya meza, akavuta kiti chake mbele mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akaanza kueleza kwa mikono miwili.

Nikazima injini, nikashusha kioo, nikalaza kiti nyuma. Mazungumzo yale hayangekwisha mapema, na mabasi ya jioni huwa yamejaa.